Namna ya Kuzisoma Beti 1,330 za Tirukkural

Watamil, watu wa kusini mwa India, wana msemo unaowafundisha watoto usafi wa kinywa na usafi wa kauli kwa pamoja: vijiti vya mti wa aal na vya mgunga huimarisha meno, nazo "nne na mbili" huimarisha maneno. Aal ni mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ambao mizizi yake huning'inia kutoka matawini mpaka ikagusa ardhi. Aliyewahi kutafuna mswaki wa mti alfajiri anaielewa nusu ya kwanza bila mkalimani. Nusu ya pili ndiyo inayohitaji maelezo. "Nne" ni Naladiyar, mkusanyiko wa beti 400 za mishororo minne minne ambao mapokeo huwanasibisha nao watawa wa dini ya Kijaini. "Mbili" ni Tirukkural, kitabu cha Tiruvalluvar chenye beti 1,330 za mishororo miwili miwili. Kila nikiutafsiri msemo huu hufurahi kuona kwamba Kiswahili kimeuhifadhi mwangwi wake bila kulazimishwa: Kitamil husema pal na sol, nasi tunasema meno na maneno.

Msemo huo ni somo la kwanza la usomaji. Mswaki hutumiwa kidogo kidogo kila siku, na asiyefanya hivyo hawezi kufidia kwa kutafuna kutwa nzima siku ya mwisho wa mwezi. Nilipokisoma kitabu hiki mara ya kwanza nilikimaliza kwa siku nne, na baada ya wiki moja sikuweza kukumbuka hata beti tano. Kosa halikuwa la kitabu. Nilikuwa nimekikimbiza kama hadithi inayongoja mwisho wake, ilhali kila ubeti ulitungwa usimame peke yake, uchukuliwe, uende ukafanye kazi. Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, mabasi ya serikali huwekwa ubeti wa Kural ndani, mahali ambapo abiria wataweza kuusoma. Abiria hupata ubeti mmoja kwa safari nzima, na hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza katika mwongozo huu.

Lijue jengo kabla ya kuingia

Kitabu kina sura 133, na kila sura ina beti kumi kamili, bila kuzidi wala kupungua. Sura hizo zimegawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza, aram, lina sura 38 zinazohusu wema: mwenendo wa mtu mwenye nyumba na familia, kisha mwenendo wa mtu aliyeipa dunia kisogo. Fungu la pili, porul, ndilo kubwa kuliko yote. Lina sura 70 kuhusu utawala, elimu, mali, urafiki, uadui, kilimo, na mengine mengi ambayo mtu huyafanya mbele ya macho ya watu. La tatu, inbam, lina sura 25 za mapenzi ya mwanamume na mwanamke.

Ukitaka hesabu hizi zisikutoke, itazame picha ya sanamu ya Tiruvalluvar iliyosimamishwa juu ya mwamba baharini huko Kanyakumari, kwenye ncha ya kusini ya India bara, na kuzinduliwa tarehe 1 Januari 2000. Urefu wake wote ni futi 133, sawa na idadi ya sura. Kitako chake kina futi 38, yaani sura za wema, na umbo la mshairi lililo juu yake lina futi 95, yaani sura 70 za fungu la pili pamoja na 25 za la tatu. Maana iliyokusudiwa ni kwamba mali na mapenzi vinatakiwa visimame juu ya msingi wa wema, na sijaona maelezo ya mpangilio wa kitabu yaliyo wazi kuliko hayo ya jiwe.

Beti zimepewa namba mfululizo tangu 1 hadi 1,330, kwa hiyo namba ya ubeti hukuambia sura yake. Ondoa tarakimu ya mwisho, kisha ongeza moja: ubeti wa 788 umo katika sura ya 79, ya urafiki. Namba ikiishia na sifuri, usiongeze kitu: ubeti wa 90 ndio wa mwisho katika sura ya 9, ya kukirimu wageni. Ukilizoea hesabu hili dogo, utaweza kuutafuta ubeti wowote unaotajwa katika hotuba au makala na kuusoma pamoja na wenzake tisa, jambo ambalo baadaye nitaeleza kwa nini ni la lazima.

Kuhusu mtunzi, usipoteze muda mwingi. Tiruvalluvar hakuacha wasifu, wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa kuhusu zama zake, na kitabu chenyewe hakimtaji mfalme yeyote kwa jina, wala mji, wala hata neno Tamil. Kwa sababu hiyo wafuasi wa dini mbalimbali, Wajaini na Wahindu wa madhehebu tofauti miongoni mwao, wamekuwa wakimwita wa kwao. Msomaji anayeanza kwa kuamua dini ya mshairi huishia kuzisoma beti kama ushahidi wa mahakamani, na ladha yake humpita.

Mahali pa kuanzia

Mapokeo huanza na sura ya 1, ya kumsifu Mungu, na mara tu baada yake huja sura ya 2, ya kuisifu mvua. Mpangilio huo una uzito wake, kwa sababu nchi ya Watamil imeishi kwa kuitazamia mvua ya msimu, na mshairi anatuambia kwamba hata ibada na sadaka hukoma mbingu zikikauka. Hata hivyo, namshauri msomaji mgeni aanzie sura ya 9 na kwenda mpaka ya 13, ndipo arudi mwanzoni. Sura hizo tano zinahusu mgeni, maneno matamu, shukrani, uadilifu na kujizuia. Ni mambo ambayo utakutana nayo kabla jua halijatua, kwa hiyo utaweza kuupima ubeti siku ile ile uliyousoma.

Chukua ubeti wa 90. Anicham ni ua ambalo washairi wa Kitamil hulitaja kwa wororo wake uliopita kiasi, na ubeti unasema hivi: ua la anicham hunyauka likinuswa; mgeni hunyauka akitazamwa kwa uso uliobadilika. Isome mara mbili. Wafafanuzi wa kale waliona jambo ambalo msomaji wa haraka hulikosa: ua haliharibiki mpaka pua ililetee pumzi kwa karibu, bali mgeni huharibika akiwa bado yuko mlangoni, kwa mtazamo tu, kabla hajaambiwa lolote. Mwenyeji anaweza kuandaa wali, akatandika mkeka, akasema karibu, na bado awe amekwisha kumfukuza mgeni wake kwa nyusi. Hayo yote yamo katika maneno saba.

Ubeti wa 100 unafunga sura inayofuata: kusema maneno machungu ilhali matamu yapo ni sawa na kulidaka tunda bichi ilhali bivu lipo. Hapo hapana tishio la dhambi wala ahadi ya thawabu. Mshairi anauliza tu kwa nini mtu mwenye embe bivu mkononi alitupe na kuuma bichi, kisha anakuacha ujijibu.

Sikio litangulie

Neno kural maana yake ni fupi, na tiru ni kiambishi cha utukufu. Ufupi huo una kanuni yake. Mshororo wa kwanza una vipande vinne na wa pili una vitatu, hivyo ubeti mzima una vipande saba, na mshororo wa pili hukatika kabla sikio halijatosheka. Sisi tuliolelewa na mizani kumi na sita kwa kila mshororo, pamoja na vina vya kati na vya mwisho, huhisi kama mtu aliyekanyaga ngazi akidhani bado ipo. Mkatiko huo ndio unaofanya maneno ya mwisho yabaki kichwani.

Hata kama hujui Kitamil, jifunze angalau beti mbili kwa lugha yake. Irabu zake zinamfaa sana msemaji wa Kiswahili, na irabu ndefu huziandika hapa kwa kurudia herufi. Anza na ubeti wa 391, wa kwanza katika sura ya elimu:

Karka kasadarak karpavai katrapin
nirka adarkut taga.

Usome kwa sauti, ukigonga meza katika kila kipande: vinne, halafu vitatu. Utasikia karka na nirka zikiitikiana mwanzoni mwa mishororo, kwa sababu kina cha Kitamil hukaa hasa kwenye silabi ya pili ya mwanzo wa mshororo, si mwishoni kama tulivyozoea. Utasikia pia jinsi sauti ya k inavyogonga tena na tena, kama mwalimu anayegonga ubao. Maana yake ni hii: jifunze bila dosari yale yanayostahili kujifunzwa, ukishajifunza, simama kwa namna inayolingana nayo. Nirka ni simama, na mshororo mfupi wa pili umeachiwa neno hilo kulibeba. Kujifunza kumepewa vipande vinne, kusimama kumepewa vitatu, na vyote saba havitimii bila hivyo vitatu.

Wa pili ni ubeti wa 396:

Tottanait tuurum manarkeeni maandarkkuk
katranait tuurum arivu.

Kadiri kinavyochimbwa, kisima cha mchangani huchuruzika maji. Kadiri wanavyojifunza, watu huchuruzika maarifa. Manarkeeni ni kisima kinachochimbwa kwenye mchanga, kama vile kwenye tumbo la mto uliokauka, na aliyekulia Dodoma au Ukambani hahitaji kuelezwa zaidi. Unapiga magoti, unatoa mchanga kwa mikono na kwa kata. Mwanzoni hakuna kitu ila unyevu. Kisha maji yanaanza kuingia kutoka pembeni, yakiwa na tope, nawe unayamwaga. Yanaingia tena, safari hii safi zaidi. Ukiacha kuchimba, kisima kinabaki na kina ulichokifikia, na ukizembea mchanga unarudi. Neno tuurum limerudiwa katika mishororo yote miwili, mara moja kwa maji na mara moja kwa maarifa, kwa hiyo hata sikio lisilojua Kitamil husikia kwamba vitu viwili vinafanya kazi moja. Tafsiri inayoweka kitenzi tofauti kila upande imekwisha kuuvunja ubeti, hata kama kila neno lake ni sahihi.

Tafuta kiungo

Beti nyingi za Kural zina mfano upande mmoja na jambo lenyewe upande wa pili, na kazi ya msomaji ni kutafuta pale vinapoungana. Usitosheke kusema "huu ni mfano wa urafiki". Uliza ni kitu gani hasa ndani ya mfano kinachofanya kazi. Ubeti wa 788 ni mahali pazuri pa kujizoeza: kama mkono wa mtu aliyeporomokwa na nguo, ndivyo urafiki, hapo hapo huondoa dhiki.

Nguo inayosemwa ni kipande kinachofungwa kiunoni, na anayevaa kikoi au leso anaijua hali hiyo. Mfikirie mtu aliyebeba kapu kichwani, yumo katikati ya sokoni, na fundo limelegea. Mkono haungojei amri. Hauulizi kama nguo ilifungwa vibaya kwa uzembe, hauahidi kuja baadaye, wala haudai kushukuriwa. Umefika kabla akili haijajua kwamba kuna tatizo, na umefika kwa sababu aibu ya kiuno ni aibu ya mkono pia. Kiungo cha ubeti kiko katika neno aange, yaani hapo hapo. Ukiliondoa, unabaki na methali ya kawaida kwamba rafiki husaidia. Ukilirudisha, unapata kipimo kikali ambacho wengi wetu, mimi nikiwemo, hatukifikii kwa marafiki wengi tunaowataja.

Jizoeze vivyo hivyo na ubeti wa 475, usemao kwamba hata mzigo wa manyoya ya tausi huvunja ekseli ya gari la kukokotwa ukizidishwa mno, na wa 595, usemao kwamba bua la yungiyungi hurefuka kulingana na kina cha maji, nao ukuu wa watu hulingana na moyo wao. Katika wa kwanza kiungo ni wepesi wa kila unyoya mmoja mmoja. Cha pili nakuachia.

Zisome beti kumi kama mwili mmoja

Madhara makubwa ambayo kitabu hiki hufanyiwa ni kunyofoa ubeti mmoja na kuutumia peke yake. Mfano ulio wazi umo katika sura ya 30, ya ukweli. Ubeti wa 292 unasema kwamba uongo nao hushika nafasi ya ukweli iwapo utazaa wema usio na doa. Nimewahi kuusikia ukitajwa na mtu aliyekuwa akitetea hesabu za uongo, naye aliutaja kwa furaha, kama aliyepewa cheti.

Sasa usome uliotangulia na unaofuata. Ubeti wa 291 unauliza ukweli ni nini, na unajibu: ni kusema maneno yasiyo na madhara yoyote kwa yeyote. Neno lililotumika ni vaaimai, linalotokana na vaai, yaani kinywa. Kitamil kina maneno matatu ya ukweli, na wafafanuzi huyaeleza kwa viungo vitatu vya mtu: unmai ni ukweli wa moyo, vaaimai ni ukweli wa kinywa, meymai ni ukweli wa mwili, yaani wa matendo. Mshairi hapa anazungumzia kile kinachotoka kinywani na athari yake kwa anayekisikia. Ndipo ubeti wa 293 unafunga mlango ambao mtetezi wa hesabu za uongo alidhani umeachwa wazi: usiseme uongo juu ya jambo ambalo moyo wako unalijua, ukishausema, moyo wako wenyewe utakuunguza. Hakimu amewekwa ndani ya msemaji. Ukizisoma zote tatu kwa pamoja, nafasi ya uongo inabaki ndogo mno, ya mtu anayemficha mnyonge asiuawe, na hata hiyo imewekewa sharti la kutokuwa na doa, sharti ambalo wachache wanaweza kuapa kwamba wamelitimiza.

Kwa hiyo kila sura ipe kikao kimoja cha kuisoma yote, kabla hujachagua ubeti wa kukaa nao. Fahamu pia kwamba utaratibu wa beti ndani ya sura unaochapishwa siku hizi kwa kawaida ni ule wa Parimelalagar, mfafanuzi wa karne ya 13, na kwamba Manakkudavar aliyemtangulia alizipanga kwa namna tofauti mahali kadhaa. Ukiona tafsiri mbili zinapishana namba, huenda hiyo ndiyo sababu.

Juu ya tafsiri zenyewe, usitegemee moja. G. U. Pope alichapisha tafsiri kamili ya Kiingereza mwaka 1886, nayo ni ya vina, kwa hiyo mara kwa mara utakuta neno lililoongezwa kwa ajili ya kina tu. V. V. S. Aiyar alitoa yake mwaka 1916 kwa nathari. Ziweke mbili hizo, au nyingine mbili za aina hizo, ubavu kwa ubavu. Zinapokubaliana, endelea. Zinapoachana sana, simama hapo, kwa maana mara nyingi ndipo Kitamil kimesema kitu ambacho Kiingereza hakina chombo cha kukibeba, na inawezekana Kiswahili kinacho.

Beti zitakazokukwaza

Utakwazwa, na ni heri ujiandae. Ubeti wa 55 unamsifu mke asiyeabudu miungu bali huamka akimwabudu mumewe: akisema nyesha, mvua hunyesha. Sura ya 91 nzima inamkemea mwanamume anayeongozwa na mkewe. Wapo wanaoziruka beti hizi, na wapo wanaozipinda mpaka ziseme jambo la kupendeza zaidi. Mimi nashauri zisomwe kama zilivyo, na pembeni ya ukurasa uandike hoja yako waziwazi. Mtu aliyeandika kwamba wote walio hai ni sawa kwa kuzaliwa, katika ubeti wa 972, ametupa kipimo cha kuwapimia watu wote, wake kwa waume, na hatumvunjii heshima tukimpimia nacho yeye mwenyewe. Ubeti wa 423 unaturuhusu kabisa: jambo lolote, likisikika kinywani mwa yeyote, busara ni kuuona ukweli uliomo ndani yake.

Daftari

Nunua daftari la kawaida na ulipe Kural peke yake. Kila wiki chukua sura moja. Siku ya kwanza soma beti zote kumi, chagua mmoja, uuandike kwa Kiswahili chako mwenyewe, kwa mkono. Usinakili tafsiri ya mtu, hata yangu. Kila usiku andika sentensi moja tu: leo ubeti huu nimekutana nao wapi? Kama hukukutana nao, andika hivyo. Kwa mwendo huu kitabu kitakuchukua miaka miwili na nusu na zaidi, na kama muda huo unakutisha, kumbuka Naladiyar inavyosema kwamba elimu haina ufuo na siku za mwenye kujifunza ni chache, kisha inamshauri msomaji achague, kama yule ndege wa hadithi anayekunywa maziwa na kuyaacha maji yaliyochanganywa nayo. Chagua sura ishirini zinazogusa maisha yako. Usikubali tu kuharakisha.

Nitaonyesha wiki yangu moja. Ubeti ulikuwa wa 108, ambao kwa Kitamil unacheza na neno nandri, lenye maana ya wema na shukrani, na ambalo mpaka leo ndilo "asante" ya Watamil. Niliuandika hivi: kusahau wema si wema; wema ni kuusahau ubaya siku ile ile. Usiku wa kwanza sikuwa na la kuandika. Usiku wa tatu niliandika kwamba nimemkumbuka jirani aliyenikopesha nauli ya kwenda hospitali miaka mingi iliyopita, na kwamba nilishamlipa fedha lakini sijawahi kurudi kumwambia ile fedha ilifika kwa wakati gani. Usiku wa tano niligundua kwamba nina kumbukumbu kamili, yenye tarehe na maneno yote, ya tusi nililotukanwa na ndugu yangu kabla hata ya mkopo ule. Ubeti ulikuwa umenipima pande zote mbili na kunikuta nimeshika kinyume. Jumamosi nilikwenda kwa jirani.

Baadhi ya beti hazitatimia kwa wiki moja. Ubeti wa 314 unasema kwamba adhabu ya waliokutenda ubaya ni kuwatendea wema mpaka waone haya, kisha kuacha. Wengi hulishika lile la kwanza na kulisahau neno la mwisho, vidal, kuacha, ambalo wafafanuzi hulieleza kuwa ni kusahau ubaya waliokutendea na vilevile wema uliowarudishia. Bila neno hilo, wema wako unabaki kuwa kisasi kilichovishwa nguo safi. Beti za namna hii zihamishie ukurasa wa nyuma wa daftari na uzirudie kila mwezi.

Usilikwepe fungu la tatu

Mwanzoni mwa karne ya 18 mmisionari Mwitaliano Beschi aliifasiri Kural kwa Kilatini, takriban mwaka 1730, akafanya mafungu mawili ya kwanza na kuliacha la mapenzi. Wasomaji wengi wa maadili hufanya kama yeye mpaka leo. Ni hasara, kwa sababu fungu hilo linamwonyesha binadamu anayetakiwa kuzishika sura nyingine zote: anayengoja, anayenuna, anayejidanganya. Katika ubeti wa 1,100, macho yakishapatana na macho, maneno ya kinywa hayana faida yoyote. Katika wa 1,302, kununiana kwa wapendanao ni kama chumvi katika chakula. Kukizidi kidogo, kimeharibika. Soma fungu hili haraka zaidi, sura mbili tatu kwa kikao, kwa maana hapa kuna wahusika wanaozungumza na mtiririko wa mambo, na kitabu kinaishia kwenye sura ya 133 kwa furaha ya kupatana baada ya kununa.

Vitabu vya jirani

Baada ya hapo nenda kwenye Purananuru, mkusanyiko wa mashairi 400 ya kale zaidi, uliochapishwa mwaka 1894 na U. V. Swaminatha Iyer, mtu aliyetumia maisha yake kutafuta miswada ya majani ya mtende kabla haijaliwa na mchwa. Shairi la 192, la Kaniyan Pungundranar, huanza kwa kusema kila mji ni mji wetu, kila mtu ni ndugu yetu. Kisha linayafananisha maisha na chelezo kinachobebwa na mto wenye nguvu, na kwa sababu hiyo linakataa kuwastaajabia wakubwa na linakataa zaidi kuwadharau wadogo. Lisome polepole zaidi kuliko Kural. Ni shairi moja refu kidogo, na kila hatua yake inategemea iliyotangulia.

Kama una watoto nyumbani, anza nao na Attichudi ya Avvaiyar, mshairi wa kike wa Kitamil, yenye mistari mifupi 109 iliyopangwa kwa kufuata herufi za Kitamil, hata mtoto anapojifunza irabu anakuwa anajifunza na mwenendo. Wa kwanza ni aram seya virumbu, tamani kutenda wema. Wa pili, wa irabu ndefu, ni aaruvadu sinam, hasira ni ya kupozwa. Mistari hii husemwa kwa sauti, mzazi akitangulia na mtoto akifuatia, mmoja kwa siku, na usimwulize maana yake mpaka ameuzoea mdomoni. Maana atakutana nayo mwenyewe akishapata nafasi ya kuitumia. Kwa sasa inatosha ajue kwamba a ni ya aram na aa ni ya aaruvadu.